Kabale hadi Kisoro kwa baiskeli: mlima wenyewe uko kwenye mteremko

Swali: "Fundi, salamu kutoka Kawempe, Kampala. Mimi ni mwalimu wa kike, nina miaka 41 na kilo 68. Nina baiskeli ya mbio ya mtumba, fremu ya alumini, breki za kubana rimu, tairi za milimita 25. Mbele ina meno 53 na 39. Nyuma, kubwa kuliko zote ni 25. Kila Jumapili naenda Entebbe na kurudi, na jioni bado nina nguvu ya kusahihisha madaftari. Tangu nitazame mashindano ya dunia ya Kigali Septemba 2025, moyo umehamia milimani. Nataka kutoka Kabale hadi Kisoro, huko kusini-magharibi mwa Uganda, siku moja, nilale, kesho yake nirudi. Kaka yangu anasema nitazimia njiani. Je, ni kweli? Nibadilishe nini kwenye baiskeli, na nijiandae vipi?"

Inawezekana, mwalimu, na wala huhitaji kuwa mtu wa mashindano. Kaka yako hajakosea kuogopa, ila ameogopa upande usio wenyewe. Nimekaa Kabale miaka mingi nikitengeneza baiskeli na kuwasindikiza waendeshaji kwenye njia hiyo, na bado sijamwona aliyeumizwa na kupanda. Anayepanda akichoka hupunguza mwendo. Akizidiwa hushuka akasukuma. Akikuta jiwe anakaa, na mama fulani anapita na kumwambia pole. Walioletwa kwangu na viwiko vilivyochunika na rimu zilizopinda, wote walikuwa wanashuka. Kupanda nitakujibu, maana ndiko ulikouliza, lakini nitakaa zaidi kwenye mteremko.

Kwanza uijue njia. Usidhani Kabale iko chini na Kisoro iko juu. Miji yote miwili iko karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Kisoro ikiwa chini kidogo. Taabu iko katikati. Unatoka Kabale, hujakaa sawa kwenye kiti barabara imeshaanza kupanda; ikimaliza inakuangusha bondeni, inakupandisha tena, ndivyo hivyo kupitia Hamurwa mpaka Muko, ambako utaona ncha ya kaskazini ya Ziwa Bunyonyi. Baada ya Muko unaingia msitu wa Echuya, juu ya mita 2,300, mianzi imesimama pande zote mbili kama watu waliokuja kutazama harusi. Ukitoka msituni unafika Kanaba, na hapo dunia inafunguka: Muhabura, Gahinga na Sabinyo wamejipanga mbele yako. Muhabura ana mita 4,127, na jina lake maana yake ni mwenye kuonyesha njia. Kisha mteremko mrefu, kona baada ya kona, hadi tambarare ya Kisoro. Jumla ni kilomita 80 hivi. Kwa urefu ni Entebbe yako ya Jumapili. Kwa mwili ni kitu kingine kabisa.

Hewa nayo ni nyingine. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, kwa hiyo tayari una nafuu kuliko mtu wa Mombasa. Lakini ndani ya Echuya, kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu kwa takriban moja ya nane kuliko uliyoizoea nyumbani. Hutaanguka kwa sababu hiyo. Utaona tu kwamba mwendo ambao Kampala unakuruhusu kuzungumza, huku unakunyamazisha. Njoo Ijumaa, ulale Kabale siku mbili, Jumapili uanze. Siku mbili hazitoshi mwili kuzoea, lakini zinatosha wewe kuacha kushtuka ukisikia unavyohema.

Sasa meno. Aliyekuambia hayafai, kama yupo, kasema kweli. Meno 39 mbele na 25 nyuma, kila ukizungusha pedali mara moja baiskeli inasogea kama mita 3.3. Ukitaka kuzungusha vizuri, mara 70 kwa dakika, baiskeli inakulazimisha uende karibu kilomita 14 kwa saa. Tuchukue mwinuko wa asilimia 6, ambao ni wa kawaida kwa barabara kuu ya milimani. Mtu wa uzito wako mwenye mazoezi ya Jumapili atapanda hapo kwa kilomita 10 au 11 kwa saa, si zaidi, labda anatafuta sifa. Maana yake ni kwamba kwa giya hiyo utakuwa unazungusha mara 50 na kidogo, unakandamiza kila pedali kama mtu anayepiga teke pampu iliyokufa. Dakika kumi za hivyo si kitu. Dakika arobaini ndizo zinazowafanya watu walale Kisoro magoti yakiwa kwenye ndoo ya maji.

Ukiweka nyuma meno 32, kila mzunguko unakuwa mita 2.6, na kwa mizunguko 70 uko kwenye kilomita 11 kwa saa, pale pale mwili wako unapotaka. Hiyo ndiyo dawa ya bei nafuu. Usikubali fundi akuambie atakuwekea 34 mbele kwenye mkono huo huo wa pedali: mikono ya 53 na 39 kwa kawaida ina matundu ya boliti yaliyo mbali mno, na gurudumu dogo la meno linaloweza kukaa hapo ni 38. Ataishia kukuuzia mkono mzima. Badilisha nyuma, lakini ujue 32 huenda isikubaliane na kile kifaa kinachoning'inia chini na kuivuta cheni; cha mbio cha zamani ni kifupi, kinafika meno 27 au 28 halafu kinaanza kusaga. Utahitaji kirefu chake, na cheni mpya, ndefu kidogo. Vitu vitatu, kazi ya saa moja. Fanya wiki tatu kabla ya safari. Vifaa vipya vina mambo yake, na ni afadhali vikuonyeshe mambo hayo Kajjansi kuliko Muko.

Tairi: kama fremu inaruhusu milimita 28, weka 28. Fremu nyingi za alumini za miaka ile zinaruhusu kwa shida, na breki ndizo zinazozuia. Jaribu, kidole kipite kati ya tairi na breki, kama hakipiti, baki na 25. Ukipata 28, usijaze kama jiwe. Kwa uzito wako, PSI 75 hadi 80 kwa geji za pampu zetu zinatosha.

Kuhusu mazoezi nitakuwa mfupi, maana mwalimu anajua mazoezi ni nini. Vilima vya Kampala vinaisha kabla mapafu hayajagundua, kwa hiyo kimoja hakitoshi. Panda Muyenga Jumapili alfajiri, shuka, panda tena, mara sita, bila kusimama juu kupiga picha. Wiki nne au tano za hivyo, ukibadilishana na Entebbe, zitakutosha. Ukipata wikendi moja ya kwenda Mbale, panda kutoka tambarare ya Bulambuli hadi Sipi. Ni zaidi ya mita 600 za kupanda mfululizo, ni mlima wa lami upande wa mashariki unaofanana na huu wetu, na maporomoko ya maji yanakusubiri juu.

Namna ya kupanda ni moja: anza polepole hadi uone haya. Kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukatika, umekwenda kasi. Wale watu wa Kigali uliowatazama, wengi wao walijitoa kabla ya mwisho, na ile ndiyo kazi yao ya kila siku. Wewe una watoto wa kusimama mbele yao darasani.

Mizigo iache. Huo mwinuko wa mita 500 hivi kutoka Kisoro hadi Kanaba, utakaoupanda siku ya pili, utakuchukua kama dakika 45 ukiwa na chupa zako na vitu vya pancha tu. Ongeza kilo kumi za nguo na viatu vya kubadilisha, umejiongezea dakika tano, na ni dakika tano za mwisho, zile mbaya. Begi lako lipakie kwenye taksi ya Kisoro asubuhi. Madereva wa hapa wamezoea, litakusubiri kwenye hoteli kabla yako.

Haya, tumefika juu. Hapa ndipo jibu langu linapoanza.

Wewe na baiskeli na maji mna kilo 85 hivi. Kuzipandisha mita 500 umetumia nishati ya kilojuli 417. Ni nyingi? Inatosha kuchukua lita moja na robo ya maji ya kawaida mpaka yachemke. Birika la chai la watu watano. Umelipandisha birika hilo kwa miguu yako. Sasa unashuka mita hizo hizo 500, na birika lazima limwagike mahali. Sehemu inachukuliwa na hewa inayokupiga kifuani, na kidogo na tairi zinavyobingirika. Iliyobaki yote inaingia kwenye breki, na kwenye baiskeli kama yako breki ni vipande viwili vya raba vikisugua rimu ya alumini, na juu ya rimu hiyo, mpira wako wa ndani umejaa hewa.

Jambo ambalo watu hawaamini ni hili: anayeshuka polepole, mwenye hofu, akishikilia breki kutoka juu hadi chini, ndiye anayezichemsha. Kwenye asilimia 6, ukishuka kwa kilomita 20 kwa saa, hewa inachukua sehemu ndogo tu, kama moja ya tisa, na karibu robo tatu ya birika au zaidi inaishia kwenye rimu. Kwa 45, hewa peke yake inachukua kama nusu. Sisemi ushuke kwa 45. Nasema breki ifanye kazi kwa vipindi, ishike kwa nguvu kisha iachie kabisa, upepo uipoze, halafu ishike tena.

Nilijifunza hayo kwa ngozi yangu. Mara yangu ya kwanza kushuka Kanaba lami ilikuwa na unyevu, nami nilikuwa nimebeba mkoba wa vifaa mgongoni. Nilishika breki zote mbili tangu kona ya kwanza na sikuziachia, kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe. Nilikuwa najisifu moyoni kwa busara. Robo tatu ya njia nikasimama pembeni nitazame Ziwa Mutanda, linavyokaa pale chini na visiwa vyake. Nikashika rimu ya mbele niikague. Kidole kiliita "tsss" kabla sijasikia maumivu, na alama yake ninayo. Nimesimama nakinyonya, sijui dakika mbili zimepita, nikasikia mlio nikadhani ni bunduki. Mbuzi wa pale wakakimbia. Kijana aliyekuwa akiwachunga hakukimbia. Alikuja akatazama tairi, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini.

Ona kwamba mpira haukupasuka nikiwa nakwenda. Ulipasuka nimesimama. Ukiwa unakwenda, upepo unapoza. Ukisimama ghafla, joto lote lililo kwenye rimu linahamia ndani, kwenye mpira. Kwa hiyo, kama utasimama kutazama Mutanda, na utasimama, maana hakuna anayepita, simama mapema kabla rimu hazijapata moto, au tafuta kipande kilicholala na uache baiskeli ibingirike bila breki kabla ya kusimama. Na kama mtumba wako una rimu za kaboni na hujui zilikotoka, usizilete kabisa. Umesema fremu ni alumini, lakini magurudumu hukuyataja, na sokoni watu huchanganya.

Kabla ya kuondoka Kampala, toa raba za breki uzitazame kwenye jua. Utakuta vichembe vinavyong'aa vimezama ndani yake: ni alumini ya rimu iliyomeguka, na mchanga. Vitoe kwa sindano kimoja kimoja. Raba ikishakuwa ngumu na kuteleza kama ukucha, tupa, nunua mpya. Kisha weka rula ubavuni mwa rimu. Ikiwa katikati pamebonyea na mwanga unapita, rimu imekwisha, haijalishi aliyekuuzia alikuapia nini. Waya wa breki ubadilishe tu, hata kama unaonekana mzima. Huoni unachokatikia ndani ya ganda.

Namna ya kushika: mikono chini, kwenye zile pembe zilizopinda, si juu. Nguvu ya breki iko hapo, na uzito wako unashuka. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha, ile ya nyuma inasaidia. Wanaotumia ya nyuma peke yake kwa kuogopa kupinduka ndio wanaoteleza. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka, halafu ingia konani ukiwa umeachia. Mguu wa upande wa nje uwe chini, uzito wote juu ya pedali hiyo. Macho yako yawe pale unapotaka kutokea, si kwenye bonde. Baiskeli ni kama punda wa mzee: inakwenda unakotazama.

Kaa kushoto, na usivuke mstari wa katikati hata kama kona inakuita. Hii ni njia ya malori yanayokwenda mipakani, Bunagana kwa Kongo na Cyanika kwa Rwanda. Lori refu likipanda kona kali linahitaji barabara yote, na dereva wake hakutegemei. Ukisikia injini inaguguma kabla hujaiona, kuwa umeshapunguza. Yale yanayoshuka nyuma yako yapishe: jitoe pembeni kabisa, simama, yapite. Hakuna anayekupa kikombe Kisoro.

Kuna jambo moja ambalo ramani ya simu haitakuonyesha. Huku neno matuta lina maana mbili. Yale ya mashambani, yaliyopangwa kama ngazi kutoka bondeni hadi kileleni, ndiyo uzuri wa Kigezi, eneo letu hili, na hayana neno na wewe. Yale ya barabarani ndiyo yaliyojengwa kwenye kila kijiji kupunguza kasi ya magari, na vijiji vingine viko katikati ya mteremko, mara tu baada ya kona, rangi nyeupe ya matuta ikiwa imefutika zamani. Ukiona mabati, ukiona watoto wenye sare, ukiona gunia za viazi ulaya zimepangwa ukingoni, tuta liko karibu. Punguza kwanza, tafuta tuta baadaye. Ukilikuta bila kutarajia, inuka kwenye kiti, legeza viwiko na magoti, achia breki. Mwenye breki iliyoshikwa juu ya tuta ndiye anayeruka juu ya usukani.

Mvua nayo hubadilisha kila kitu. Raba zikiloa, mzunguko wa kwanza wa rimu au zaidi haushiki kitu, unafuta maji tu, ndipo inaanza kukamata. Kwa mwendo wa mteremko, muda huo ni mita nyingi. Kwa hiyo ukiwa kwenye maji, gusa breki kidogo kidogo hata pasipo na haja, rimu ziwe zimefutwa tayari. Mwezi wa tatu hadi wa tano, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba au Desemba, udongo huporomoka kutoka kingo za juu na kuacha matope na kokoto kwenye lami, hasa konani. Njoo Juni, Julai au Agosti. Januari na Februari pia si vibaya. Hata hivyo usitarajie ukavu kamili. Echuya ni msitu, na msitu una hali yake.

Baridi itakushangaza. Asubuhi ukungu unalala Kanaba hadi saa tatu, saa nyingine saa nne. Utafika juu umeloa jasho, kisha utashuka nusu saa bila kukanyaga, upepo ukipita kwenye shati lililolowa. Vidole vikifa ganzi huwezi kushika breki, na tumerudi pale pale. Beba koti jepesi la upepo na glavu. Ukisahau koti, gazeti la jana kifuani chini ya shati ni dawa ya zamani na bado inafanya kazi. Wauza maandazi wa Muko watakupa bure.

Kula kabla ya njaa. Usianze na katogo, ule mchanganyiko wa matoke na matumbo, mwalimu, najua unaipenda. Inakaa tumboni kama deni. Uji na ndizi mbili zinatosha, uondoke saa moja, jua likichomoza. Baada ya hapo kila nusu saa kitu kidogo mdomoni: ndizi mbivu, gonja, kipande cha chapati. Roleksi moja, chapati iliyoviringishwa na mayai, igawanye mara mbili, Hamurwa na Muko. Maji nusu lita kwa saa au zaidi, hata kama ubaridi unakudanganya kwamba huna kiu. Watakupa bushera, kinywaji chetu cha mtama, na ikiwa ni ya leo ichukue, ni tamu, ni wanga na maji pamoja. Wale waliobuni vinywaji vya chupa kwa wanamichezo wangekuja kujifunza hapa. Ila uliza imelala siku ngapi. Ya mtama iliyokomaa, omuramba, ni pombe, na mbele yako kuna kona.

Watoto watakukimbilia. Mwanamke juu ya baiskeli ya mbio bado ni habari huku, watapiga kelele na wengine watakushika kiti kwa nyuma ukipanda. Usiwafokee. Sema "Agandi", watakujibu "Ni marungi" na kukuachia kwa aibu. Ukivuka Echuya lugha inabadilika, ni Kifumbira, lakini Kiswahili chako kitakusaidia zaidi upande huo kuliko Kabale kwa sababu ya biashara na Kongo. Njia yako iishie Kisoro mjini. Mpakani kwenyewe huna haja napo.

Utakutana pia na walimu wako wa kweli: wanaume wenye baiskeli nyeusi za chuma zisizo na giya, gunia la viazi limefungwa nyuma. Wakipanda wanasukuma bila haya. Wakishuka, mtazame mmoja. Nilimfuata mzee mmoja siku moja, nyuma yake hatua ishirini. Breki ya nyuma haikuwepo kabisa. Badala yake alikuwa na soli ya kandambili chini ya mguu wa kulia, akiikandamiza juu ya tairi. Alikandamiza kabla ya kila kona, akaachia, akaacha mzigo uende, akakandamiza tena. Hakuna hata mara moja alipoburuza. Nilipomuuliza chini, alinionyesha soli: ilikuwa na moshi kidogo, akaipulizia kama mtu anayepoza chai, akasema ya asubuhi ilikuwa nzima.

Siku ya kurudi ndiyo ngumu, sitakuficha. Kisoro inakuanzishia na mlima. Hujapata joto la miguu umeshaingia kwenye kona za Kanaba. Zunguka mjini dakika kumi na tano kwa giya nyepesi kwanza, watu wakushangae, halafu uanze. Na kama asubuhi hiyo goti linauma unaposhuka ngazi za hoteli, weka baiskeli juu ya taksi urudi Kabale kwa gari. Mlima utakuwepo Agosti ijayo.

Siku hiyo ya kwanza, ukifika pale mianzi inapoisha na volkano zinapotokea, simama, vaa koti, kula kitu. Kisha gusa rimu zote mbili kwa kiganja. Zinatakiwa ziwe baridi kama sufuria ya jana. Anza kushuka. Kona ya tano au ya sita, mahali palipolala, achia breki ubingirike mpaka mwendo ufe wenyewe, usimame, uziguse tena. Mara hii tumia ukucha.